Meza, wavu na uvumilivu: tunajifunza nini kwa Ichiro Ogimura?



Katika vikao vyetu na kamati za wakimbizi wa ndani, na pia na wakuu wa vijiji vinavyowapokea, ombi moja hurudi mara kwa mara: tuleteeni mipira, vijana wacheze pamoja, amani itapatikana. Ombi hilo ni zuri. Lakini tumeona pia kwamba mechi ya amani ya siku moja mara nyingi huisha na siku yake. Viongozi hutoa hotuba, vijana hupewa jezi, picha hupigwa. Kesho yake kila upande umerudi kwao, na maneno ya chuki yanaendelea kisimani na sokoni kama jana. Ndiyo maana wazazi wengine hutuuliza: je, mchezo unaweza kweli kusaidia amani, au tunapoteza wakati?

Ili kujibu swali hilo, katika toleo hili tunaeleza maisha ya mtu mmoja: Ichiro Ogimura, Mjapani, mchezaji wa tenisi ya meza, au pingipongi kama wengi wetu tunavyouita mchezo huo. Alicheza, alifundisha, kisha akaongoza shirikisho la dunia la mchezo huo mpaka alipofariki mwaka 1994. Tumechagua mfano wa mbali kwa makusudi. Ugomvi wa watu wengine ni rahisi kuutazama bila hasira, na baada ya kuutazama tunaweza kurudi kwenye mambo yetu tukiwa na macho mapya.

Ogimura alikuwa nani?

Ichiro Ogimura alizaliwa tarehe 25 Juni 1932 katika mji wa Ito, mkoani Shizuoka, Japani. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo, akalelewa na mama aliyefanya kazi ili kumsomesha. Vita vya pili vya dunia vilipoisha mwaka 1945, alikuwa na miaka 13. Nchi yake ilikuwa imeshindwa. Sehemu kubwa ya mji mkuu, Tokyo, ilikuwa imeteketea kwa mabomu, chakula kilikuwa haba, na watu wengi hawakuwa na nyumba. Vijana wetu waliokulia katika kuhamahama wataelewa maisha ya namna hiyo bila maelezo marefu.

Alianza kucheza tenisi ya meza shuleni, akiwa na umri wa miaka 16 hivi. Katika mchezo huu huo ni umri wa kuchelewa, maana mabingwa wengi huanza wakiwa watoto wadogo. Alifanya mazoezi kila siku katika ukumbi mdogo wa mtaani uliokuwa ukiendeshwa na mama mmoja. Mwaka 1954 alipochaguliwa kwenda kwenye mashindano ya dunia huko London, nauli haikuwepo. Watu wa mtaa wake wakachanga fedha ili aweze kusafiri. Hapa kuna jambo la kwanza la kuzingatia: bingwa huyu alisafirishwa na michango ya majirani ambao wenyewe walikuwa wametoka tu katika njaa ya vita.

Huko London, katika ukumbi wa Wembley, Ogimura alishinda ubingwa wa dunia wa mchezaji mmoja mmoja kwa kumshinda Tage Flisberg wa Uswidi katika fainali. Mwaka 1956, mashindano yalipofanyika Tokyo, alishinda tena. Kwa jumla alipata mataji 12 ya dunia: mawili ya mchezaji mmoja mmoja, mawili ya wanaume wawili wawili, matatu ya mwanamume na mwanamke, na matano ya timu, mwaka 1954, 1955, 1956, 1957 na 1959.

Kuchezea nchi inayochukiwa

Tusidhani kwamba kila mahali alipokelewa kwa maua. Mwaka 1954 ilikuwa imepita miaka tisa tu tangu vita viishe. Waingereza wengi walikuwa na ndugu walioteswa au kufa katika kambi za wafungwa wa vita zilizokuwa chini ya jeshi la Japani. Wachina walikuwa wamevumilia miaka mingi ya uvamizi, na vita vikubwa vya kuanzia 1937 hadi 1945 viliua mamilioni ya watu wao. Wakorea walikuwa wametawaliwa na Japani kwa miaka 35, kutoka 1910 hadi 1945, na katika miaka ya mwisho walilazimishwa kuacha hata majina yao na kuchukua ya Kijapani.

Ogimura hakufanya maovu hayo, alikuwa mtoto. Lakini alivaa bendera ya nchi iliyoyafanya. Wengi wetu tunaijua hali hiyo. Kijana wa kabila fulani anafika mahali na watu hawamwoni yeye. Wanaona yale waliyotendewa na wengine waliosema lugha yake. Hawezi kuifuta historia hiyo kwa maneno. Anachoweza kuchagua ni jinsi atakavyoishi mbele ya watu hao, na Ogimura alichagua kurudi kwao tena na tena, safari hizi akiwa mwalimu.

Kuwafundisha wapinzani

Akiwa bado mchezaji, Ogimura alianza kufundisha nje ya nchi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Uswidi, nchi ya yule Flisberg aliyemshinda London. Mazoezi yake yalikuwa makali: kukimbia, kuruka, kurudia pigo moja mamia ya mara. Mmoja wa vijana walioyavumilia ni Hans Alsér. Mwaka 1962 Alsér akawa bingwa wa Ulaya, na mwaka 1967 na 1969 yeye na Kjell Johansson walishinda ubingwa wa dunia wa wawili wawili.

Baadaye kijana mwingine wa Uswidi, Stellan Bengtsson, alikwenda Japani kufanya mazoezi kwa Ogimura. Mwaka 1971, akiwa na miaka 18, Bengtsson alishinda ubingwa wa dunia huko Nagoya, ndani ya Japani yenyewe. Mwaka 1973 timu ya Uswidi ikawa bingwa wa dunia huko Sarajevo. Kwa maneno mengine, Ogimura aliwafundisha watu wa nchi nyingine mpaka wakaishinda nchi yake.

Alifanya hivyo pia na China. Mwaka 1962 alikwenda huko kwa mwaliko wa Waziri Mkuu Zhou Enlai, kuonyesha mchezo wake na kuzungumza na wachezaji. Wakati huo Japani na China hazikuwa na uhusiano wa kibalozi. Uhusiano huo ulifunguliwa mwaka 1972, miaka kumi baadaye. Mwaka mmoja kabla ya safari yake, yaani 1961, China ilikuwa imeiondoa Japani kwenye ubingwa wa timu za wanaume. Mtu mwingine angeficha ujuzi wake. Yeye aliupeleka.

Katika kufundisha, Ogimura alijulikana kwa kanuni ya asilimia 51. Maana yake ni hii: mchezaji asingoje mpaka awe na hakika kabisa ndipo apige mpira wa kushambulia. Akiona kwamba uwezekano wa kufaulu unauzidi kidogo tu uwezekano wa kukosa, apige. Tutairudia kanuni hii, kwa sababu viongozi wengi wa amani hungoja asilimia 100, na asilimia 100 haiji.

Basi la Nagoya

Mashindano hayo ya Nagoya ya mwaka 1971 yanakumbukwa kwa jambo jingine pia. Marekani na China zilikuwa zimekaa zaidi ya miaka 20 bila uhusiano, na zilikuwa zimepigana katika vita vya Korea. Siku moja mchezaji wa Marekani, Glenn Cowan, alipanda basi la wachezaji wa China. Ndani ya basi wengi walinyamaza. Kisha Zhuang Zedong, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia mara tatu, akainuka, akamsalimu kupitia mkalimani na kumpa zawadi ya kitambaa cha hariri chenye picha ya milima ya Huangshan. Siku chache baadaye timu ya Marekani ilialikwa China, na mwezi wa pili mwaka 1972 Rais Richard Nixon mwenyewe alifika Beijing.

Kazi hiyo haikuwa ya Ogimura. Tunaitaja kwa sababu inaonyesha ulimwengu aliokuwa akifanya kazi ndani yake, na kwa sababu mara nyingi inasimuliwa vibaya. Watu husema mpira mdogo ulileta urafiki wa mataifa makubwa. Ukweli ni kwamba serikali hizo mbili tayari zilikuwa zikitafutana kwa siri. Mchezo uliwapa mlango wa kupitia mbele ya watu bila aibu. Kama hakuna anayetaka kuingia, mlango peke yake haufanyi kitu. Lakini wakubwa wanapotaka kuzungumza na hawajui waanzie wapi, mlango kama huo una thamani kubwa.

Korea mbili, timu moja

Mwaka 1987 Ogimura alichaguliwa kuwa rais wa shirikisho la tenisi ya meza la dunia. Hapo ndipo alipoishika kazi ambayo kwa ajili yake tunaandika makala hii.

Korea iligawanywa mwaka 1945, Kaskazini na Kusini. Kutoka 1950 hadi 1953 pande hizo mbili zilipigana vita vilivyoua mamilioni ya watu na kutenganisha familia nyingi sana. Mapatano ya kusimamisha vita yalitiwa sahihi tarehe 27 Julai 1953, lakini mkataba wa amani haukufuata. Ndugu walibaki huku na huku ya mpaka bila barua na bila habari, wasijue nani amezaliwa na nani amekufa.

Wazo la timu moja ya Korea halikuwa geni. Mwaka 1979, mashindano ya dunia ya tenisi ya meza yalipokaribia kufanyika Pyongyang, pande mbili zilikutana kuzungumzia timu ya pamoja. Mazungumzo yalivunjika na Kusini haikushiriki. Mwaka 1988 michezo ya Olimpiki ilifanyika Seoul, na Kaskazini haikuja. Mazungumzo ya timu moja kwa ajili ya michezo ya Asia ya 1990 huko Beijing nayo yalishindikana. Mtu mwenye busara ya kawaida angesema: basi, hawa hawataki.

Ogimura hakuacha. Kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, alikwenda Kusini mara 20 na Kaskazini mara 15 kutafuta makubaliano. Mashindano ya 1991 yangefanyika Chiba, Japani, na hapo aliona nafasi, maana mahali hapo hapakuwa nyumbani kwa upande wowote. Hakuna ambaye angeonekana amekwenda kupiga magoti kwa mwenzake. Pia alizungumza na miji ya Japani ikubali kuwapokea Wakorea wa pande zote mbili kwa mazoezi. Mjapani alikuwa akiiandalia Korea nyumba, Korea ileile ambayo nchi yake ilikuwa imeitawala kwa nguvu.

Tarehe 12 Februari 1991, wajumbe wa pande mbili walikubaliana huko Panmunjom, kijiji cha mpakani ambako mapatano ya 1953 yalitiwa sahihi. Angalieni mambo waliyoyakubali. Jina la timu lingekuwa Korea tu, bila Kaskazini wala Kusini. Bendera ingekuwa nyeupe, yenye ramani ya Korea nzima kwa rangi ya bluu. Badala ya nyimbo za taifa, ungepigwa wimbo wa kale wa Arirang, ambao bibi wa Kaskazini na bibi wa Kusini wote wanaujua. Mambo haya yanaweza kuonekana madogo, lakini ndiyo yaliyokuwa yamevunja mazungumzo ya zamani.

Wachezaji walikaa pamoja Japani kwa muda wa mwezi mmoja hivi, wakifanya mazoezi katika miji ya Nagano, Nagaoka na Chiba. Lugha yao ni moja, lakini hata maneno ya mchezo yalikuwa yametofautiana: Kusini walitumia maneno mengi yaliyotoka katika Kiingereza, Kaskazini walikuwa na maneno yao. Ilibidi waelewane kwanza jinsi ya kuita mpira wa kuanzia.

Tarehe 29 Aprili 1991 timu ya wanawake ya Korea iliingia fainali dhidi ya China, iliyokuwa imeshinda ubingwa huo mara nane mfululizo tangu 1975. Kwa Korea walikuwemo Hyun Jung-hwa na Hong Cha-ok wa Kusini, Li Bun-hui na Yu Sun-bok wa Kaskazini. Yu Sun-bok alimshinda Deng Yaping, na Hyun akamshinda Gao Jun. China ikashinda mchezo wa wawili wawili, kisha Deng akamshinda Hyun. Matokeo yakawa mbili kwa mbili. Katika mchezo wa mwisho Yu Sun-bok alimshinda Gao Jun, na Korea ikawa bingwa wa dunia. Wakorea waishio Japani, ambao wenyewe walikuwa wamegawanyika kati ya wafuasi wa Kaskazini na wa Kusini, walikaa pamoja wakishangilia timu moja.

Mambo ambayo mchezo haukuyamaliza

Hapa ni lazima tuseme kweli, maana nyinyi mnaosoma mmekwisha kuahidiwa mengi.

Baada ya mashindano, wachezaji waliagana na kila mmoja akarudi upande wake. Hyun Jung-hwa ameeleza kwamba alimpa Li Bun-hui pete ya dhahabu iwe kumbukumbu. Walionana tena kwenye mashindano ya dunia ya 1993 huko Gothenburg, Uswidi, safari hii kila mmoja akiwa na timu ya nchi yake. Baada ya hapo miaka mingi ilipita bila wao kukutana. Watu wawili waliolala chini ya paa moja na kushinda dunia pamoja hawakuruhusiwa hata kuandikiana.

Korea haikuungana. Mpaka haukufunguliwa. Ogimura alifariki kwa kansa tarehe 4 Desemba 1994 akiwa na miaka 62, bila kuona mkataba wa amani. Mwanzoni mwa 2024 serikali ya Kaskazini ilitangaza kwamba imeliacha lengo la kuungana na Kusini.

Lakini tuangalie na upande wa pili. Tarehe 3 Mei 2018, huko Halmstad, Uswidi, timu za wanawake za Korea mbili zilipangiwa kucheza moja dhidi ya nyingine katika robo fainali ya mashindano ya dunia. Badala ya kushindana, ziliamua kuungana hapo hapo, na shirikisho likakubali. Walipata medali ya shaba. Jambo kama hilo halikuhitaji miaka mingi ya mazungumzo, kwa kuwa kila mtu alikumbuka kwamba lilikwisha kufanyika mwaka 1991. Na mwaka 2024 katika Olimpiki ya Paris, uhusiano wa serikali ukiwa mbaya sana, wachezaji wa Kaskazini waliopata medali ya fedha na wa Kusini waliopata ya shaba walipiga picha moja pamoja na mabingwa wa China, wamesimama jukwaani.

Kwa hiyo jibu letu kwa wazazi wale ni hili: mchezo hauleti amani, lakini unaweza kuiacha njia ikiwa wazi ili siku viongozi wakitaka kupita, isiwe imeota majani. Na njia hiyo haifunguliwi na mechi moja. Inafunguliwa na mtu anayekwenda na kurudi kwa miaka.

Sisi tunaweza kufanya nini?

Hali yetu si ya Korea. Kwetu mpaka wa uhasama mara nyingi hauna waya wala askari. Unapita katikati ya soko, kanisa, shule, hata katikati ya ukoo. Hata hivyo tunaona mambo matano yanayotufaa.

Kwanza, mwenye kuunganisha aende pande zote mbili, na aende mara nyingi. Kamati inayopanga michezo isikae kambini tu na kuwaita wenyeji waje, wala isikae kwa chefu tu na kuwaita wakimbizi. Wachaguliwe watu wawili au watatu wanaoaminika, wafike huku na huku, wakae, wasikilize, warudi tena hata kama mara ya kwanza wamekataliwa. Ogimura hakufaulu katika safari ya kwanza, wala ya kumi.

Pili, makubaliano juu ya majina na alama yaje kabla ya mpira. Timu zisiitwe kwa jina la kabila wala la kikundi chochote chenye silaha. Rangi za jezi zisiwe za upande wowote wa siasa. Mkubaliane ni nani mwamuzi, atatumia lugha gani, mpira utatunzwa na nani, na mahali pa kucheza pawe pale ambapo kila upande unafika bila hofu. Zaidi ya yote, timu zichanganywe. Wakimbizi dhidi ya wenyeji ni vita ileile iliyovaa jezi.

Tatu, mazoezi ni muhimu kuliko mechi. Wachezaji wa Korea walikaa mwezi mzima pamoja kabla ya kucheza. Kama fedha ni kidogo, ni afadhali vijana wakutane kila Jumamosi kwa miezi sita bila kombe, kuliko kukutana siku moja kwa kombe kubwa.

Nne, mwenye ujuzi aufundishe upande mwingine. Katika kila kambi kuna walimu, makocha wa mpira, mafundi na washonaji. Mtu aliyekimbia huonekana kila siku kama mtu wa kupewa. Akiwafundisha watoto wa wenyeji, anaonekana kama mtu mwenye kitu cha kutoa. Wasichana nao wawemo, na saa za mazoezi zipangwe ili wasirudi nyumbani giza likiwa limeingia. Huko Chiba walioshinda walikuwa wanawake.

Tano, mchezo usichukue nafasi ya haki. Kama shamba la mtu limechukuliwa, kama mtoto wake alipotea, mechi haimjibu. Maswali hayo yana mahali pake: barza ya wazee, chefu, mahakama, kamati za kurudi nyumbani. Na mtu yeyote asilazimishwe kucheza au kushikana mkono na yule anayesema alimtendea uovu. Kama hayuko tayari, uamuzi huo ni wake.

Tunaongeza neno moja juu ya tenisi ya meza yenyewe. Katika mpira wa miguu watu hugongana, na kugongana kunaweza kuamsha ugomvi. Katika mchezo huu kuna meza katikati, na wavu juu yake. Unamtazama mwenzako usoni, unarudisha alichokutumia, lakini hamgusani. Kwa watu ambao bado wana maumivu, umbali huo unaweza kuwa msaada. Meza rasmi ina urefu wa mita 2.74, upana wa mita 1.525, na kimo cha sentimita 76. Wavu una kimo cha sentimita 15.25. Seremala wa kijiji anaweza kuitengeneza kwa mbao zilizonyooka, na kwa mazoezi hata kamba iliyofungwa katikati inatosha. Kama meza hiyo itatengenezwa na seremala mmoja wa kambini na mwingine wa kijijini wakifanya kazi pamoja, tayari kitu kimeanza kabla mpira haujapigwa.

Ndipo tunapoikumbuka kanuni ya asilimia 51. Viongozi wengi hutuambia: tungoje kwanza usalama urudi kabisa. Tunawaelewa. Mahali ambapo risasi zinalia, kukusanya vijana ni hatari, na tusifanye hivyo. Lakini pale ambapo hatari imepungua, na pande zote mbili zina watu wanaosema ndiyo kwa sauti ya chini, tusingoje ndiyo ya kila mtu.

Maswali ya kuzungumzia katika kamati na vikao

1. Katika eneo letu, ni nani anayeweza kuingia pande zote mbili na kusikilizwa? Je, tunamsaidia, au tunamshuku?

2. Tukipanga mchezo wa pamoja, ni jina gani, rangi gani au mahali gani panaweza kuwaumiza wengine? Tumewauliza wenyewe?

3. Ni ujuzi gani tulio nao ambao tunaweza kuwafundisha watoto wa upande mwingine?

4. Ni matatizo gani ambayo mchezo hauwezi kuyatatua, na tuyapeleke kwa nani?

5. Mechi ya mwisho ya amani iliyofanyika kwetu ilifuatwa na nini mwezi uliofuata?

Tunawaomba wasomaji wanaojua kusoma wawasomee wenzao makala hii, hasa wazee na akina mama wasiofika katika vikao. Majibu yenu mtupe tutakapofika kwa ziara ijayo, kwa maandishi au kwa mdomo, yale ya kukubali na yale ya kupinga.